Mwega wa tao

Makanisa makuu yaliyojengwa Ufaransa katika karne ya 12 na ya 13 yana kitu cha ajabu upande wa nje. Kutoka juu ya ukuta, karibu na paa, hutokeza nusu-tao la mawe linalovuka hewani na kutua juu ya nguzo nene iliyosimama mbali na jengo. Pembeni mwa kanisa hujipanga mengi ya namna hiyo. Waingereza huliita “flying buttress”, na mfasiri akifuata neno kwa neno atajikuta na kitu kinachoruka. Hakiruki hata kidogo. Kiko pale kuuzuia ukuta usiende popote.

Chanzo cha yote ni dari. Nyumba ya mawe ya Lamu au Unguja hufunikwa kwa boriti za mikoko, na boriti ikishalazwa juu ya kuta mbili, uzito wake hushuka wima hadi kwenye msingi. Ndiyo maana vyumba vyake ni vyembamba, mita 3 hivi au pungufu: urefu wa mti ndio unaoamua upana wa chumba. Tao lina tabia nyingine. Mawe yake hubanana, na mbano huo hutafuta pa kutokea kwa kuzisukuma kuta ziachane. Mafundi waliojenga kuba na dari za matao katika Msikiti Mkuu wa Kilwa walikuwa wakilijua hilo, ila kuta zao zilikuwa fupi na nafasi kati yake ilikuwa ndogo.

Ulaya nako, kwa muda mrefu, dawa ilikuwa ni kuunenepesha ukuta. Ukuta mnene hausukumiki, lakini pia hauruhusu dirisha kubwa, kwa hiyo ndani huwa giza. Abate Suger alipofungua upande wa madhabahu wa kanisa la Saint-Denis mwaka 1144, alichotaka ni nuru, tena ya vioo vya rangi. Miaka hamsini baadaye, kanisa kuu la Chartres lilipojengwa upya baada ya moto wa mwaka 1194, dari ya mawe ilipandishwa hadi kiasi cha mita 37 na kuta zikaachiwa madirisha makubwa. Ukuta uliotobolewa namna ile hauwezi peke yake kustahimili msukumo wa dari. Basi msukumo ukatolewa nje: nusu-tao linaupokea pale juu, linaupitisha juu ya paa la ubavuni, na kuukabidhi kwa nguzo ya nje. Hata kile kilele kilichochongwa juu ya nguzo hiyo, ambacho wengi hudhani ni pambo tu, kina kazi. Uzito wake huukandamiza msukumo uelekee chini badala ya kuiangusha nguzo kwa nje.

Sasa tukiite nini? Nguzo haifai, kwa kuwa nguzo hubeba kilicho juu yake. Mhimili nao, mbali na kwamba siku hizi umehamia bungeni na mahakamani, ni neno la kubeba vilevile. Kiswahili kina mwega: mti unaoegemezwa kwenye ukuta ulioanza kuinama, au kwenye mgomba uliolemewa na mkungu, usianguke. Mwega husukuma kwa ubavu, nayo ndiyo kazi tunayoizungumzia. Wafaransa, wenye kitu chao, husema “arc-boutant”, yaani tao linalosukuma, wala hawana habari ya kuruka. Tukiwafuata wao tunapata mwega wa tao, na mjenzi yeyote wa kijijini ataelewa kabla hajaonyeshwa picha.

Msukumo huu si nadharia ya vitabuni. Kwenye kanisa kuu la Beauvais walipandisha dari hadi mita 48, na mwaka 1284 sehemu yake ikaporomoka; wataalamu wanabishana mpaka leo kuhusu sababu. Notre-Dame ya Paris ilipoungua tarehe 15 Aprili 2019, hofu ilikuwa ya upande wa pili. Dari ilikuwa imetoboka na haikujulikana ingestahimili kiasi gani, ilhali miega ya tao ilikuwa bado inaegemea ndani kama kawaida. Kama dari isingeisukuma tena kwa nje, miega yenyewe ingeweza kuziangusha kuta. Kwa hiyo, kabla ya ukarabati, mafundi waliweka viunzi vikubwa vya mbao chini ya miega 28, kila kiunzi kikiwa kimechongwa kwa umbo la tao lake. Mwega ukatiwa mwega. Kanisa lilifunguliwa tena Desemba 2024.

Kwa hiyo atakayeandika kitabu cha shule au mwongozo wa watalii na aandike mwega wa tao, wingi miega ya tao. Nguzo tuiachie ile iliyo chini ya mzigo.