Kiada na Ziada

Jumamosi iliyopita nilikaa barazani na Vuta n'kuvute ya Adam Shafi mapajani. Mzee wa nyumba ya pili akapita na kapu lake akitoka sokoni. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, kisha akakitupia jicho kile kitabu. "Unasomea nini siku hizi, mwanangu?" Nikamjibu, "Sisomei kitu, mzee. Nasoma riwaya tu."

Ile "tu" imenikaa kooni wiki nzima. Yasmin wa Adam Shafi, binti anayeikimbia ndoa ya mume mzee katika Unguja ya miaka ya 1950, hastahili "tu".

Mzee hakukosea kuuliza. Ndivyo neno lenyewe linavyokwenda. Kusoma kwetu ni kupitisha macho kwenye maandishi, na ni kwenda shule pia. "Aliyesoma" ni mwenye vyeti, hata kama nyumbani kwake hakuna kitabu. Hata chuo, ambacho leo ni majengo na ada, zamani kilikuwa kitabu: Utendi wa Tambuka, ambao mswada wake wa kale ni wa mwaka 1728, huitwa pia Chuo cha Herekali. Masalia ya maana hiyo tunayo katika mwanachuoni. Buganda nako, karne ya 19, walioingia Ukristo waliitwa abasomi, yaani wasomaji, maana kupokea dini na kujifunza kusoma vilikwenda pamoja.

Halafu tukatenga msomi na msomaji. Mzizi ni mmoja, heshima mbalimbali. Msomi huitwa kwenye makongamano. Msomaji ni yule muuza mboga mwenye riwaya iliyochakaa jalada chini ya meza yake, anayeifungua wateja wakipungua. Mimi namhesabu yeye kuwa ndiye mwenye nyumba katika fasihi yetu, kwani bila yeye mwandishi anajiandikia mwenyewe.

Lakini jozi inayonigusa zaidi ni ya kiada na ziada. Shuleni, kitabu cha kiada ndicho cha somo lenyewe, na cha ziada ni cha kuongezea. Hadithi nyingi tulizozipenda utotoni zilikuwa kwenye kabati la ziada, na kabati hilo lilifungwa kwa kufuli. Sasa itazame kiada katika kamusi. Ni neno la zamani lenye maana ya polepole, kwa taratibu, kwa ufasaha. Mtu huambiwa "sema kiada" ili kila neno lisikike. Yaani shule imelichukua neno la utulivu ikalipa vitabu vinavyosomwa mbiombio usiku wa kuamkia mtihani, na vitabu tunavyovisoma kwa utulivu wa kweli vikaachiwa jina la kilichozidi! Nadhani tumewavisha watu wawili kanzu zilizobadilishana.

Basi siku hizi mbili za mapumziko, nakuomba usome kiada kwa maana ile ya kale. Anza na Mzimu wa Watu wa Kale ya Mohamed Said Abdulla, iliyotoka mwaka 1960. Maiti inakutwa mzimuni, na Bwana Msa, mwenye kiko chake, anaifuata njia ya muuaji hatua kwa hatua. Usiruke kurasa kutafuta jibu. Utamu umo katika namna anavyofikiri. Peponi, riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyofasiriwa na Ida Hadjivayanis na kutoka mwaka 2022, isomeni kwa sauti mkiwa wawili au watatu. Kusomeana ni kitenzi tulichonacho tangu zamani, na safari ya Yusuf kwenda bara inapendeza ikisikika. Nagona ya Euphrase Kezilahabi ni nyembamba, yaweza kukudanganya kuwa ni ya saa moja. Ipe asubuhi nzima. Ukikwama, rudi ukurasa wa nyuma. Mimi nilirudi mara nyingi na sijutii.

Neno nililopaswa kumjibu mzee nilikuwa nalo siku zote: kujisomea. Hutumika kwa mwanafunzi anayerudia masomo peke yake, najua, lakini linabeba zaidi ya hapo. Ile -ji- inamrudisha msomaji kwake mwenyewe, na ile -e- inasema kwa faida ya nani. Neno moja, na hakuna haja ya kuomba radhi kwa "tu".

Mzee alipita tena jana. Nimemwazima Bwana Msa. Wewe nawe, ukimaliza chako, usikirudishe kabatini, mpe jirani.