Kiziwi wa Alabama na madarasa yetu ya Butembo na Beni



Mtoto wa Butembo anayesikia anaanza masomo akiwa na Kinande ya nyumbani na Kiswahili ya mjini, kisha mwalimu anamuongezea Kifaransa. Mtoto kiziwi anaketi kwenye dawati ileile bila hata moja kati ya hizo tatu. Mwisho wa mwaka anapata sufuri, watu wanasema: yule hana akili. Mimi naona tunachanganya akili na lugha, na si sisi wa kwanza.

Mwaka 1880, huko Milan, Italia, walimu wa viziwi walipiga kura kwamba mtoto kiziwi afundishwe kwa mdomo tu, ishara za mikono ziachwe. Karibu wote waliopiga kura walikuwa watu wenye kusikia (ndivyo mambo huwa!). Lakini kusoma midomo si dawa: mwalimu akigeukia ubao tu, somo limekatika.

Aliyeleta njia nyingine katika nchi nyingi za Afrika alikuwa kiziwi mwenyewe. Andrew Foster, Mmarekani mweusi wa Alabama, aliugua homa ya uti wa mgongo akiwa na miaka 11, masikio yakafunga. Mwaka 1954 akawa mtu mweusi wa kwanza kumaliza Gallaudet, chuo cha viziwi cha Washington. Mwaka 1957 akaanza kufundisha Accra, Ghana, katika madarasa ya wanafunzi wanaosikia, wao wakiisha kurudi nyumbani. Kutoka pale akaanzisha shule 31 katika nchi 13, Kongo yetu ikiwemo, wakati ule ikiitwa Zaire. Ndiyo maana ishara za viziwi wengi wa Kongo zina mizizi Marekani, si Ubelgiji. Linalonigusa zaidi ni hili: aliwafundisha viziwi wawe walimu. Mtoto akaona mtu mzima, kiziwi kama yeye, ameshika choki.

Foster alikufa tarehe 3 Desemba 1987 katika ajali ya ndege Rwanda, karibu na Gisenyi, yaani mlangoni pa Goma. Siku ya kimataifa ya watu wenye ulemavu, iliyowekwa mwaka 1992, iko tarehe hiyohiyo.

Huku kwetu jambo hili halikomi kwenye alama. Tangu Oktoba 2014 Beni inazika watu. Risasi zikilia, sisi tunakimbia juu tumesikia. Kiziwi anakimbia juu ameona wengine wanakimbia, na usiku haoni. Wakati wa Ebola, 2018 hadi 2020, maonyo mengi yalipita kwa redio. Asiyefundishwa kusoma wala ishara, nani alimueleza kwa nini asiguse maiti ya mama yake?

Sheria iko: ile ya tarehe 3 Mei 2022 inalinda haki za watu wenye ulemavu, masomo yakiwemo. Sasa ninyi mliomaliza ualimu, semeni hapa chini: katika miaka yote ya chuo, mlifundishwa ishara kwa masaa mangapi?