Seli za T: Zinazaliwa wapi, na kwa nini CD4 za wengine huchelewa kupanda?

Kwa wakazi wa Kisesa, mji mdogo ulio kama kilomita 20 kutoka Mwanza mjini kwenye barabara ya kwenda Magu na Musoma, neno CD4 si geni. Limetajwa kliniki na majumbani kwa miaka mingi.

Lakini CD4 ni nini hasa? Zinatoka wapi? Na kwa nini watu wawili wanaomeza dawa zilezile, mmoja hupanda haraka na mwingine huchukua miaka?

Jibu linaanzia ndani ya mifupa.

Safari inaanzia kwenye uloto

Katikati ya mifupa kuna uloto, na ndani ya uloto kuna seli shina. Hizi ni seli mama za damu. Zinaweza kugawanyika na kuwa chembe nyekundu, chembe sahani au askari wa kinga.

Baadhi ya watoto wa seli shina hutoka kwenye uloto wakiwa bado "hawajasomea" kazi yoyote. Hubebwa na damu hadi kwenye tezi ya thaimasi, iliyopo nyuma ya mfupa wa kifua, juu kidogo ya moyo. Huko ndiko hugeuka kuwa seli za T. Herufi T yenyewe imetokana na jina la tezi hiyo.

Kwa muda mrefu wanasayansi waliamini thaimasi haina kazi ya maana. Mwaka 1961, mtafiti Jacques Miller, akiwa London, aliitoa tezi hiyo kwa panya wachanga. Panya hao walipungukiwa na seli za kinga, wakaugua, na miili yao ikashindwa hata kukataa ngozi iliyopandikizwa kutoka kwa panya wengine. Kumbe tezi iliyodharauliwa ndiyo shule ya kinga.

Mitihani miwili, wanaofeli hawarudii

Ndani ya thaimasi, kila seli hutengeneza kipokezi chake, yaani kifaa cha kumtambua adui. Hukitengeneza kwa kuchanganya vipande vya vinasaba kwa bahati nasibu. Ndiyo maana mwili huwa na seli za kutambua hata vimelea ambavyo haujawahi kukutana navyo.

Kisha inakuja mitihani.

Wa kwanza: je, kipokezi kinaweza kusoma "kitambulisho" cha seli za mwili wenyewe? Kikishindwa, seli inakufa.

Wa pili: je, kinashambulia mwili wenyewe kana kwamba ni adui? Kikifanya hivyo kwa nguvu, seli nyingi za aina hiyo huuawa pia. Bila mtihani huu, kinga ingegeuka na kula mwili.

Kati ya seli 100 zinazoingia, zinazofuzu hazizidi 5 hivi.

Zinazofuzu hupangiwa kazi. Zenye alama ya CD8 huua seli zilizoambukizwa. Zenye alama ya CD4 ni waratibu: huwaamsha askari wengine na kuwaelekeza. Baada ya hapo huingia kwenye damu, matezi na bandama, kusubiri adui.

VVU hugonga hapo hapo

VVU hutumia alama ya CD4 kama mlango wa kuingilia. Kwa hiyo hushambulia waratibu wenyewe. Katika wiki za mwanzo tu, seli nyingi za CD4 zilizoko kwenye utumbo huteketea, hata kama mtu hajisikii vibaya sana.

Mtu mzima mwenye afya huwa na CD4 kati ya 500 na 1,500 hivi katika milimita moja ya ujazo wa damu. Zikishuka chini ya 200, magonjwa nyemelezi kama kifua kikuu na homa ya uti wa mgongo ya fangasi hupata nafasi.

Kisesa imeionyesha dunia nini?

Tangu mwaka 1994, watafiti wakiwemo wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) Mwanza wamefuatilia afya ya wakazi wa Kisesa, ambao sasa ni zaidi ya 30,000. Vizazi, vifo na wanaohama huandikwa, na upimaji wa VVU hufanyika kila baada ya miaka michache.

Takwimu za Kisesa, zikiunganishwa na za maeneo mengine, zilionyesha kuwa kabla ya dawa, watu wengi waliishi karibu miaka 10 hivi baada ya kuambukizwa. Aliyeambukizwa akiwa na umri mkubwa alikuwa na muda mfupi zaidi.

Hapa thaimasi inarudi kwenye hadithi. Tezi hii hufanya kazi kubwa utotoni, kisha husinyaa taratibu na nafasi yake kuchukuliwa na mafuta. Mtu wa miaka 50 bado anatengeneza seli mpya za T, lakini chache kuliko kijana wa 20. Sehemu kubwa hutegemea zile za zamani zigawanyike.

Ndiyo maana CD4 za mtu mzima, au za aliyeanza dawa akiwa ameshuka sana, huweza kuchelewa kupanda. Haimaanishi moja kwa moja kwamba dawa imekataa. Kinachoonyesha kama dawa inafanya kazi ni kipimo cha wingi wa virusi.

Kwa nini usiache dawa?

ARV haziongezi CD4 zenyewe. Hufubaza virusi, ili uloto na thaimasi vipate nafasi ya kujaza pengo. Virusi vichache hubaki vimejificha ndani ya seli za CD4 zilizolala. Ukiacha dawa, kwa wengi hurudi ndani ya wiki chache.

Timothy Ray Brown, aliyepandikizwa seli shina mjini Berlin mwaka 2007 kwa sababu ya saratani ya damu, alipona VVU kwa kuwa mfadhili wake alikuwa na vinasaba vinavyofunga mlango mmoja wa virusi. Lakini upandikizaji huo ni wa hatari kubwa, si tiba ya kila mtu.

Kwa Kisesa, njia ni fupi zaidi kuliko zamani. Awali wagonjwa walipewa rufaa kwenda Mwanza mjini. Mwaka 2008 kliniki ya tiba ilifunguliwa kituo cha afya cha hapo hapo. Na tangu 2016, mwongozo wa Tanzania unataka kila anayekutwa na VVU aanze dawa bila kusubiri CD4 zishuke.

Kwa lugha rahisi: pima mapema, anza mapema, wakati shule ya kinga bado ina wanafunzi.