Motere inagonga, klima haina baridi: historia ya mtu mmoja



Juzi hapa Kasenga mjomba alirudi na gari yake ya zamani iko na shida mbili. Akipanda mulima na mzigo, motere inagonga "ka-ka-ka". Na klima inapuliza hewa ya moto. Fundi akasema hizo shida hazina undugu. Katika historia, kumbe undugu uko.

Kwa kawaida buji inawasha moto, na ule moto unaenea ndani ya silinda kwa utaratibu. Kama motere imepata joto sana ao esanse ni zaifu, sehemu ya mafuta na hewa inalipuka yenyewe mbele moto haujafika. Ndiyo ile kelele.

Mwaka 1921, huko Marekani, Thomas Midgley wa General Motors aliona kama ukitia kidogo tu dawa yenye risasi (ile metali) ndani ya esanse, kelele inaisha. Alkoholi ilijulikana pia kama inasaidia, na inaweza kutoka kwa miwa, sawa ile ya Kiliba kwetu. Lakini inaombwa nyingi, tena hakuna kampuni ingeweza kuimiliki peke yake. Risasi ikashinda. Mwaka 1924 wafanyakazi walikufa kwa sumu yake katika kiwanda cha New Jersey, na bado iliuzwa. Nchi ya mwisho kuacha kuiuza kwa magari ni Algeria, mwaka 2021. Mimi wa agronomia najua: risasi haiozi. Inabaki katika udongo kando ya barabara, na inaharibu bongo ya watoto.

Mwaka 1928 Midgley huyohuyo na wenzake walitafuta gazi ya frigo isiyowaka na isiyo sumu. Wakapata R-12, ambayo kisha iliingia katika klima za magari. Mwaka 1974 Molina na Rowland walionyesha kama gazi za namna hiyo zinaharibu ozoni. Mwaka 1987 mataifa yakatia sahihi Montréal. Katika miaka ya 1990 magari mapya yakahamia R-134a: inaacha ozoni, lakini inaongeza joto la dunia.

Turudi kwa mjomba. Tulizima klima: kama kelele ingeisha, tungetazama kompresere na mukaba wake. Haikuisha. Ilikuja tu kwa mulima, kisha kujaza esanse ya chupa kwa bakadhafi. Kubadilisha esanse kukaipunguza. (Kelele nzito isiyoachana na motere ni ingine: simamisha, pima oili.) Kwa klima, alama ya oili kwenye kiungo cha mupira ilionyesha gazi inatoroka. Kujaza bila kuziba ni kutupa pesa hewani, na ubaya pia.

Midgley alijibu vizuri swali aliloulizwa. Sisi tunapeleka dawa mashambani kila musimu. Je, tunauliza itabaki wapi kisha wadudu kufa?

Nangoja maoni yenu.