Kufuta Utumwa, Kujenga Utu

Katika karne ya 19 utajiri wa Unguja na Pemba ulitokana na karafuu, na karafuu ilichumwa na watumwa. Misafara iliwaleta kutoka Manyema na kandokando ya Ziwa Nyasa hadi Bagamoyo na Kilwa, kisha majahazi yakawavusha. Masultani, mabwana shamba, wakopeshaji wa Kihindi na wanunuzi wa pembe za ndovu kutoka Ulaya na Marekani, wote walifaidika. Binadamu alikuwa na bei, na jamii ilikuwa imezoea.

Mageuzi yalikuja polepole. Mkataba wa 1822 na Waingereza ulimkataza Seyyid Said, mtawala wa Oman na Unguja, kuwauzia watumwa mataifa ya Kikristo. Ule wa 1845 ukakataza kuwapeleka Uarabuni. Biashara ikaendelea kwa magendo. Juni 1873, Waingereza walipotishia kuizingira Unguja kwa manowari, Sultani Seyyid Barghash alikubali kufunga soko la watumwa la Mkunazini.

Watumwa wenyewe hawakungoja mikataba. Watoro walikusanyika katika vijiji kama Fuladoyo, katika nchi ya Wagiriama, wakalima na kujilinda. Historia inayowasifu mabalozi na masultani peke yao inawadhulumu watu hawa mara ya pili.

Mwaka 1897 Seyyid Hamoud bin Mohammed, sultani wa Zanzibar, alifuta hadhi ya utumwa kisheria. Lakini yatazame masharti. Mtumwa alitakiwa aende mwenyewe kudai uhuru wake mahakamani. Fidia alilipwa bwana. Masuria waliachwa nje hadi 1909. Na aliyepata uhuru, asipoonyesha makazi na njia ya kujikimu, aliweza kuhesabiwa mzururaji. Basi wengi walibaki kwenye mashamba yale yale, wakitoa jasho lao ili wapate pa kujenga kibanda. Pwani ya Kenya ilifuata 1907, Tanganyika 1922, na Oman 1970.

Uhuru usio na ardhi ulidhihirika haraka kuwa nusu ya uhuru. Sheria ya hati za ardhi ya 1908 pwani ya Kenya iliwathibitisha wamiliki wachache, na vizazi vya watumwa pamoja na Wamijikenda wengi wakageuka maskwota. Mgogoro huo haujaisha. Zanzibar, baada ya Mapinduzi ya 1964, serikali iliwagawia wananchi eka tatu tatu.

Heshima nayo ilipiganiwa. Mwimbaji Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, Unguja, katika ukoo wa watumwa, alirekodi nyimbo zake za Kiswahili Bombay mwaka 1928, na mwandishi Shaaban Robert akamwandikia wasifu.

Funzo la historia hii ni moja: amri hufungua mlango tu. Utu husimama pale sheria, riziki na heshima vinapokutana.

Funzo hilo linatuhusu hata leo. Ibara ya 4 ya Azimio la Haki za Binadamu la 1948 inakataza utumwa wa kila namna. Hata hivyo, katika nchi kadhaa za Ghuba mfumo wa kafala bado unamfunga binti wa kazi kwa mwajiri mmoja, na nyumbani kwetu wapo wanaofanya kazi tangu alfajiri bila mkataba wala siku ya mapumziko. Serikali zetu zidai mikataba ya haki kwa wanaosafiri. Nasi tuanze majumbani mwetu: tuwalipe wafanyakazi wa ndani kwa wakati, tuwape mapumziko, na tuwaite kwa majina yao.