Ukuta wa Siena Uliobaki Njiani

Anayezunguka miji ya Italia mwezi Julai hupambana na jua kali na foleni ndefu, na mara nyingi hurudi nyumbani na picha za makanisa. Kwangu mimi, makanisa hayo ni kumbukumbu za serikali za miji. Italia kama nchi moja ilitangazwa mwaka 1861. Kabla ya hapo, kwa karne nyingi, Venezia, Firenze na Siena zilikuwa jamhuri, kila moja na sarafu yake, jeshi lake na mahasimu wake.

Venezia ilitajirika kwa bahari, na haikuona haya kuonyesha ilikochuma. Farasi wanne wa shaba wa Kanisa la Mtakatifu Marko walitekwa Konstantinopoli mwaka 1204. Walioko nje leo ni nakala. Wale wenyewe wamehifadhiwa ndani.

Firenze ilitegemea sufu na benki. Kanisa lake kuu lilianza kujengwa mwaka 1296, na baadaye chama cha wafanyabiashara wa sufu kikapewa usimamizi wake. Tatizo lilikuwa paa: uwazi wa takriban mita 45 ambao hakuna aliyejua namna ya kuufunika. Mwaka 1420 Filippo Brunelleschi alianza kuinua kuba bila kiunzi cha mbao cha kuishikilia kutoka chini. Alijenga magamba mawili, moja ndani ya jingine, na matofali akayapanga kwa mshazari yafungane, hivyo kila duru ikajishikilia yenyewe kabla ya inayofuata kuwekwa. Ngazi 463 hupita katikati ya magamba hayo, na anayezipanda huiona kazi ya mafundi kwa karibu, tofali kwa tofali.

Lakini mji ulionigusa zaidi ni Siena. Mwaka 1260 Siena iliishinda Firenze vitani Montaperti, na karne iliyofuata ikataka kuishinda kwa ujenzi pia. Mwaka 1339 iliamuliwa kanisa kuu lililokuwepo ligeuzwe kuwa mkono tu wa kanisa jipya, kubwa mno. Mwaka 1348 tauni ikaingia, ikafagia sehemu kubwa ya wakazi, na ujenzi ukakwama. Ukuta wa mbele wa kanisa lile bado umesimama, matundu ya madirisha yake yakitazama anga.

Miaka hiyohiyo ya matumaini, 1338 na 1339, Ambrogio Lorenzetti alichora kuta za chumba walimokutana Wakuu Tisa waliotawala mji. Upande mmoja ni utawala bora: mafundi juu ya paa, wachuuzi, wakulima wakileta mazao mjini. Upande mwingine ni dhalimu mwenye pembe na mji uliobomoka. Watawala walilipia onyo hilo wenyewe, wakakaa chini yake kila walipoamua mambo ya watu. Inaaminika kuwa Lorenzetti alikufa kwa tauni ileile. Wakuu Tisa wakapinduliwa mwaka 1355.

Siena ilisalimu amri mwaka 1555 baada ya kuzingirwa kwa zaidi ya mwaka, kisha ikawekwa chini ya mtawala wa Firenze. Mitaa yake haikufa, na leo iko 17. Kila Julai 2 na Agosti 16, farasi 10 wa mitaa kumi hukimbia mizunguko mitatu katika uwanja mkuu, na mtaa unaoshinda mwezi Agosti huibeba bendera ya hariri hadi kanisa kuu, watu wakiimba na kulia kwa furaha.