Mkandaa, Katu na Ukakasi

Shangazi yangu wa Unguja haagizi chai ya rangi. Akiulizwa atakunywa nini, hujibu neno moja tu: "Mkandaa." Wenyeji humwelewa papo hapo kwamba anataka chai isiyotiwa maziwa. Mgeni wa bara hubaki anashangaa, maana mkandaa anaoujua yeye, kama anaujua, ni mti wa ufukweni, jamaa wa mkoko, ambao boriti zake zimebeba dari za nyumba za pwani miaka nenda miaka rudi, na ambao magome yake yakichemshwa hutoa maji mekundu yenye kukolea.

Kwa muda mrefu nilidhani jina hilo ni la rangi tu. Chai imefanana na maji ya magome, basi ikaitwa hivyo. Nilianza kulifikiria upya siku shangazi aliporudi kutoka kliniki, amekutwa na kisukari, mkononi ana karatasi ya ushauri wa chakula. Humo mlikuwa na sentensi iliyosema kwamba chai isiyo na sukari ina polifenoli, zikiwemo katekini na tanini, ambazo huenda zikasaidia kudhibiti sukari mwilini. Akanikabidhi karatasi. "Wewe ndiwe mtu wa maneno," akaniambia. "Haya, mwanangu, hawa watatu ni nani?"

Polifenoli, nikamwambia, ni jina la ukoo; hao wengine wawili ni watu wa ukoo huo. Kisha nikaanza na tanini, kwa sababu ndiyo niliyodhani nyepesi. Jina hili lilizaliwa Ulaya kwenye kazi ya ngozi. Magome ya mwaloni yaliyosagwa, yale yaliyotumika kuizuia ngozi mbichi isioze, Wafaransa waliyaita tan, na kile kilichomo ndani yake kikaja kuitwa tanini. Hapo nikasimama. Wao walikipa kitu kilichomo kwenye chai jina la gome la kutengenezea ngozi. Watu wa Unguja waliipa chai yenyewe jina la gome la kutengenezea ngozi, maana magome ya mikandaa na mikoko ndiyo hayo hayo. Enzi za Wajerumani yalikuwa yakisombwa kutoka delta ya Rufiji kupelekwa Ulaya kwa kazi hiyo. Hakuna aliyemwiga mwenzake. Pande mbili za dunia zilionja kitu kimoja zikakitaja kwa mti.

Nasema zilionja, kwa sababu siamini tena kwamba ni jicho peke yake lililoleta jina. Ni ulimi pia. Kiswahili kina neno ambalo karatasi ya shangazi ilipaswa kuanza nalo: ukakasi. Kila aliyekula zambarau akiwa mtoto, au aliyejaribu ndizi mbichi kwa pupa, analijua. Si uchungu, si uchachu. Ni ile hali ya ulimi kukauka na kukwaruza wakati mdomo umejaa maji. Siku hizi tunasema hata mkataba una ukakasi, na kila mtu anaelewa kwamba mambo hayatelezi.

Na kuteleza ndiko kwenyewe. Tanini ina tabia ya kushikana na protini popote inapozikuta. Kwenye ngozi ya ng'ombe hushika protini za ngozi, zikakazana, uozo ukakosa pa kuingilia. Mdomoni hushika protini za mate, zile zinazoufanya ulimi uteleze, na utelezi ukiondoka ndipo tunapohisi ukakasi. Kwenye chai ya maziwa hukutana na protini za maziwa kikombeni, ikazishika hizo kwanza, ndiyo maana chai ya maziwa hupita laini na mkandaa haupiti hivyo. Sasa, vile vimeng'enya vya mate na vya utumbo mwembamba, vinavyoukata wanga wa muhogo na wali ukawa sukari, navyo ni protini. Maabara nyingi zimeona kwamba polifenoli za chai huvipunguzia kasi, wanga ukakatwa polepole zaidi. Nilimweleza shangazi hivi: kinachokukwaruza ulimi ndicho wanachokitumainia tumboni.

Akanywa funda moja, akalizungusha mdomoni kabla ya kumeza, akapitisha ulimi juu ya meno. "Huu?" akauliza. "Huo huo."

Katekini ilinipa kazi kidogo, kisha ikanipa furaha ambayo bado ninayo. Nililiona neno la kigeni kabisa, la chupa na mizani. Kumbe limetungwa kutokana na catechu, jina walilotumia wataalamu wa Ulaya kwa kitu chekundu kinachopatikana kwa kuchemsha kiini cha mgunga wa Bara Hindi. Kitu hicho pwani yetu kina jina lake siku nyingi: katu. Si ile katu ya kukataa katakata. Ni katu ya tambuu, inayokaa pamoja na popoo, chokaa na tumbaku. Bibi yetu, mama yake shangazi, alikuwa nayo kwenye kijaluba cha shaba, vipande vya rangi ya tofali, na sisi wajukuu tuliilamba kwa siri tukajuta. Kwa hiyo katekini ni mtoto wa katu. Maneno yote mawili yana ukakasi ndani yake, na naona ni hasara kubwa mwalimu kulifundisha la pili pasipo kulitaja la kwanza.

Kuna istilahi nyingine inayohitaji kusahihishwa. Husemwa kwamba majani ya chai nyeusi huchachushwa, na hapo hapana chachu yoyote. Jani lililosagwa hukutana na hewa likageuka rangi, kama parachichi lililokatwa likaachwa mezani. Katika kugeuka huko katekini nyingi huungana zikawa vitu vingine, teaflavini miongoni mwao. Chai ya kijani huzuiwa isifike huko, ndiyo maana katekini zake hubaki nyingi.

Lakini neno lililonisumbua kuliko yote ni fupi, nalo ni "ya". Dawa ya mbu huua mbu. Dawa ya meno husafisha meno. Dawa ya kikohozi hutuliza kikohozi. Neno ni moja, kazi tatu. Basi anayekuta sokoni pakiti iliyoandikwa "chai ya kisukari" asome nini? Shangazi alisoma kama dawa ya mbu. Aliinunua, akaweka vidonge vyake kabatini wiki tatu, akanywa majani yale asubuhi na jioni. Tulipompima, kipimo cha sukari kilisoma milimoli 17 kwa lita, juu mno. Sikumlaumu, wala sasa simlaumu. Aliisoma lugha yake kama inavyosomeka.

Ile karatasi ya kliniki ilikuwa imeandika kudhibiti, na mwandishi wake alichagua vyema. Dhibiti tumeitoa kwenye Kiarabu, na maana yake ni kushika barabara. Anayeshika hajaondoa, akiachia, kitu kinakwenda zake. Na hata katika kushika huko, mchango wa chai ni mdogo. Tafiti zilizowafuatilia watu kwa miaka mingi zimeona wanywaji wa chai wakipata kisukari cha aina ya pili kwa uchache kuliko wengine, ila wanywaji hao huenda wanatofautiana na wenzao kwa mengi mengine. Majaribio ya chai ya kijani yameonyesha sukari ya asubuhi kabla ya kula ikishuka kidogo tu. Na kikombe si dondoo: mwaka 2018 mamlaka ya usalama wa chakula ya Umoja wa Ulaya ilionya kwamba vidonge vya dondoo vyenye miligramu 800 au zaidi kwa siku za ile katekini kuu ya chai ya kijani vinaweza kuleta dalili za kuumia kwa ini.

Siku hizi shangazi humeza kidonge chake kwanza, pamoja na chakula, kisha huletewa mkandaa, bila sukari. Juzi alikuja jirani akataka kujua anakunywa dawa gani ile nyekundu. "Si dawa," shangazi akamjibu. "Ni chai. Ina katu ndani yake." Jirani akachungulia kikombeni, akitafuta kipande.